Nyota mapacha: ni wengi kweli, au ndio wanaoonekana?

Ukisimama ufukweni usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa wamewasha karabai zao, mashua yenye taa mbili utaiona mbali kuliko yenye taa moja. Anza kuhesabu: zile za mbali kabisa utakazozinasa zitakuwa za taa mbili tu. Hujadanganya mtu, ila umehesabu mwanga, hukuhesabu mashua.

Ubishi kuhusu nyota jozi, yaani nyota mbili zinazozungukana, una sura hiyohiyo. Katika orodha za nyota angavu, jozi zenye tungamo (kiasi cha maada) karibu sawa zimejaa kupita kiasi. Wataalamu huziita mapacha.

Wenye shaka wana hesabu nyepesi, aliyoileta mwanaastronomia Ernst Öpik wa Estonia miaka ya 1920. Chukua nyota mbili, kila moja kama Jua. Mwanga unakuwa maradufu, kwa hiyo darubini ileile inaziona kwa umbali wa mara 1.4 zaidi, na ujazo wa anga inayofikiwa unapanda hadi karibu mara 2.8. Sasa lipe Jua mwenzi mwenye nusu ya tungamo yake: huyo hatoi hata sehemu ya kumi ya mwanga wa Jua, ni kama hayupo. Mapacha tunawavua kwenye bahari kubwa karibu mara tatu, halafu tunashangaa wamejaa kapuni!

Hoja hiyo naikubali, lakini haimalizi kesi. Upendeleo wa mwanga hupanda polepole. Nyota yenye asilimia 90 ya tungamo ya mwenzake bado hutoa takriban theluthi mbili ya mwanga wake, kwa hiyo nayo ingebebwa karibu kama pacha kamili. Mwaka 2019 mwanaastronomia Kareem El-Badry na wenzake walichambua vipimo vya Gaia, darubini ya angani ya Ulaya iliyopima nyota, wakakuta kitu tofauti: idadi ya jozi inaruka ghafla pale uwiano wa tungamo, ya ndogo kwa ya kubwa, unapopita takriban 0.95. Mteremko hauwezi kuzaa ukuta kama ule.

Sababu ya kimaumbile nayo ipo. Nyota changa zikiwa bado ndani ya diski moja ya gesi, ile ndogo huzunguka mbali zaidi na kitovu, karibu na ukingo wa diski, hivyo hujipakulia gesi zaidi hadi inamfikia mkubwa wake. Tatizo ni kwamba baadhi ya mapacha wa Gaia wametengana mara maelfu ya umbali wa Dunia na Jua. Hakuna diski ya gesi ya ukubwa huo. Lazima walizaliwa karibu, kisha wakasukumwa mbali.

Kwa hiyo nasema mapacha wapo. Kinachonitia breki ni Sirius, nyota angavu kuliko zote za usiku. Mwanaastronomia Mjerumani Friedrich Bessel alitambua mwenzi wa Sirius mwaka 1844 kwa jinsi nyota ile ilivyoyumba, lakini hakuonekana kwa darubini hadi 1862, ingawa tungamo yake inalingana na ya Jua na ni jirani yetu wa miaka 8.6 ya nuru: ni kibete cheupe, mabaki madogo yaliyofifia ya nyota. Wenzi mfano wa huyo, wakiwa mbali, huingia kwenye orodha kama nyota pweke. Ndiyo maana asilimia ya mapacha iliyotoka kwenye nyota angavu siwezi kuikubali kama asilimia ya galaksi nzima.