Ripoti ya 1847 na Jibu la Wawelisi

Mwaka 1846 William Williams, mbunge wa Coventry aliyezaliwa Wales, aliliomba Bunge la London lichunguze hali ya elimu katika nchi yake ya asili, na hasa nafasi waliyokuwa nayo watoto wa maskini ya kujifunza Kiingereza. Serikali iliwatuma wanasheria watatu, Ralph Lingen, Jelinger Symons na Henry Vaughan Johnson, ambao hakuna hata mmoja wao aliyejua Kiwelisi, na mwaka uliofuata ripoti yao ikatolewa katika majalada matatu ya rangi ya buluu.

Haki yao wapewe: shule nyingi zilikuwa mbovu kweli, walimu hawakuwa wamefunzwa kazi, na watoto walikariri Kiingereza wasichokielewa. Ripoti yenyewe inaeleza jinsi mtoto aliyenaswa akisema Kiwelisi alivyopewa kipande cha kijiti akipitishe kwa mwenziwe atakayekosea baada yake, na wa mwisho kukutwa nacho akachapwa. (Waliosoma Kenya wanaujua mchezo huo.) Lakini wachunguzi hao hawakuishia shuleni. Wakiegemea mno ushahidi wa makasisi wa Kianglikana, katika nchi ambayo waumini wengi walisali kwenye makanisa yaliyojitenga na Uanglikana, waliandika kwamba lugha ya Kiwelisi ni kizuizi cha maendeleo na maadili, na kwamba wanawake wa Wales hawana staha. Shule za Jumapili, ambako watu wazima na watoto walijifunza kusoma Biblia kwa lugha yao, zilisifiwa, ila sifa hizo hazikubadili hukumu.

Hasira iliyozuka ilikuwa kubwa. Mchungaji Evan Jones, aliyejulikana kwa jina la Ieuan Gwynedd, alijibu kwa takwimu, na mwaka 1850 akawa mhariri wa jarida la wanawake, Y Gymraes. Mwaka 1854 R. J. Derfel aliandika tamthilia iliyoliita tukio hilo usaliti, na jina hilo likabaki hadi leo.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, matusi hayo hayakuwa na madhara makubwa kama namna yalivyojibiwa, kwa kuwa viongozi wengi wa Wales, huku wakimlaani hakimu, waliikubali mizani yake, wakaanza kujitahidi waonekane watu wa heshima machoni pa Waingereza. Mwaka 1862 Hugh Owen alianzisha ndani ya Eisteddfod, tamasha kuu la ushairi na muziki wa Kiwelisi, kitengo cha sayansi ya jamii ambacho mijadala yake iliendeshwa kwa Kiingereza. Chuo kilichofunguliwa Aberystwyth mwaka 1872, kikisaidiwa na michango midogo midogo ya watu wa kawaida, nacho kilifundisha kwa Kiingereza. Hakuna sheria iliyowalazimisha waanzilishi wake kufanya hivyo, na ndiyo maana siwezi kuwabebesha Lingen na wenzake lawama yote.