Mmetuonyesha viti vya bwana, waliovifuta vumbi je?

Kuna maneno mawili yamenikwama kooni tangu nirudi kutoka Barbados, kile kisiwa cha Karibi: muda hautoshi. Aliyasema mwongoza watalii kwenye maiki ya basi, baada ya mama mmoja mtu mzima aliyekaa mbele yetu kuuliza kama tutapita makaburi ya Newton, yale ya watumwa. Muda hautoshi mama. Na hapo ndo tumetoka kwenye jumba la shamba la miwa ambako tulikaa weee mpaka watoto wakalala, tukaonjeshwa ramu, tukapitishwa dukani, tukarudishwa tena kwenye ramu kwa sababu kuna waliokuwa hawajaonja ile iliyokaa miaka mingi. Kwa hiyo muda ulikuwepo. Uligawiwa tu, na waliolala Newton hawakupewa hata kidogo.

Nilikuwa kule kwa harusi ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ameoa huko, na wakwe zake ndio waliotukatia tiketi za kuzunguka kisiwa, kwa moyo mweupe kabisa na nawashukuru. Barbados ni padogo, kilomita kama 34 kwa 23, siku moja unaona mengi. Bridgetown na eneo lake la kijeshi la Garrison ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2011, bunge lao lilianza 1639, kuna nyumba aliyokaa George Washington, yule aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Marekani, mwaka 1751 akiwa kijana akaugua ndui, kuna kanisa la St John juu ya jabali linaloangalia Atlantiki, na ndani ya uwanja wake kaburi la Ferdinando Paleologus anayesemekana ni wa ukoo wa wafalme wa mwisho wa Konstantinopoli. Vyote hivyo ni vizuri kuviona, sina ugomvi navyo.

Ugomvi wangu uko kwenye lile jumba. Tumeelezwa kila kiti, mbao zake mahogani, nani alikichonga, tumeelezwa saa ya ukutani na sahani za China, tumeelezwa bwana alikuwa anapenda kukaa dirisha gani jioni. Waliolima ile miwa wakatajwa kwenye sentensi moja tu, kati ya jikoni na kisima, kwamba kazi nzito zilifanywa na watumwa, tuelekee bustanini. Nikanyoosha mkono nikauliza, tutajieni basi jina la mmoja wao, hata mmoja. Jibu likawa majina hayajulikani, zamani hizo hakuna aliyeandika.

Hilo sio kweli jamani. Majina yapo. Waingereza walipopiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807 wakawa na wasiwasi kwamba wenye mashamba wanaendelea kuingiza watu kwa magendo, wakataka kila koloni liorodheshe kila mtumwa aliyepo. Barbados walianza 1817, wakarudia kila baada ya miaka mitatu hivi mpaka 1834. Jina, jinsia, umri, kazaliwa Afrika au kazaliwa kisiwani. Vitabu hivyo vipo kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza pale Kew, London, UNESCO imeviingiza kwenye orodha yake ya kumbukumbu za dunia mwaka 2009, na vimeshapigwa picha unaweza kuvitafuta kwenye intaneti ukiwa umelala kitandani kwako. Waliandikwa kwa sababu walihesabiwa kama mali, hilo linauma, lakini ndio karatasi tuliyonayo, na ndani yake kuna mtu kwa jina lake na umri wake. Kampuni inayoingiza mabasi ya watu kwenye jumba lile inashindwaje kuchapisha ukurasa mmoja tu ikaubandika pale barazani?

Na Newton yenyewe, ambayo nayo ilikuwa shamba la miwa, ndio imeandikwa kuliko mashamba mengi. Barua na hesabu za shamba hilo zimehifadhiwa London mpaka leo. Humo utamkuta mwanamke anaitwa Old Doll, mtunza nyumba wa pale mwishoni mwa karne ya 18, utaikuta na familia yake, utamkuta binti yake Jenny ambaye alimwandikia mwenye shamba barua kuomba uhuru. Mwanamke aliyezaliwa utumwani ameandika barua ikavuka bahari ikafika mezani kwa mwenye shamba. Halafu mtu anasimama mbele yangu na fulana ya kampuni ananiambia zamani hizo hakuna aliyeandika!

Kesho yake mjomba wa bibi harusi akanichukua na gari lake akanipeleka Newton. Ni parokia ya Christ Church, karibu na barabara ya kwenda eapoti. Ni kipande cha ardhi chenye mteremko, udongo mwembamba usiofaa miwa, ndio maana kiliachiwa wafu. Hakuna jiwe hata moja la kaburi. Inakadiriwa wamezikwa watu 570 hivi pale, kuanzia karne ya 17 mpaka mwanzoni mwa karne ya 19, na inajulikana kwa sababu ya utafiti wa Jerome Handler na Frederick Lange waliochimba sehemu yake miaka ya 1970. Paleologus mmoja ana jiwe na basi zima linashuka kumpiga picha, hawa 570 wana majani.

Sasa sikilizeni hili. Kati ya waliofukuliwa pale kuna mzee mmoja mwanaume, wataalamu wanaona alikuwa mganga, alizikwa na kiko cha udongo na mkufu. Kwenye ule mkufu kulikuwa na meno ya mbwa, mifupa ya uti wa mgongo wa samaki, shanga za kioo, kauri za baharini, na shanga moja kubwa ya akiki. Kauri za aina ile ni za Bahari ya Hindi, hazizaliwi Atlantiki. Na akiki ile ilitengenezwa India, upande wa Gujarat, Cambay, kulekule zilikotoka akiki zilizochimbuliwa Kilwa na miji mingine ya pwani yetu. Akiki ileile wazee wetu wanayoivaa kwenye pete! Imetoka India, ikafika Afrika, ikavuka na mtu aliyefungwa minyororo au ikamkuta hukohuko, akaivaa mpaka kufa, na wenzake, ambao hawakuwa na kitu, hawakumvua, wakamzika nayo. Mi nilisimama pale nikashindwa kuongea, mjomba akaniuliza mwanangu vipi, nikamwambia hii kitu ni ya nyumbani. Kisiwa kina hadithi kama hii, halafu tunapewa hadithi ya saa ya ukutani.

Gun Hill nako hivyohivyo. Ni mnara juu ya kilima, unaona karibu nusu ya kisiwa, chini yake kuna simba mweupe aliyechongwa kwenye mwamba mwaka 1868 na kila mtu anapiga naye picha. Tukaambiwa mandhari, upepo, simba. Hatukuambiwa kwamba mnara ulijengwa 1818, miaka miwili tu baada ya uasi wa Bussa. Aprili 1816, Pasaka, watumwa waliinuka kuanzia shamba la Bayley's kule St Philip, Bussa akiwa mmoja wa viongozi, na mwanamke anaitwa Nanny Grigg ambaye alikuwa anajua kusoma na alikuwa anawaambia wenzake habari za Haiti, ambako watumwa waliinuka wakashinda. Wakachoma miwa eneo kubwa la kisiwa, Bussa akafia vitani, mamia wakauawa. Baada ya hapo Waingereza wakajenga mfululizo wa minara inayoonana ili watumwa wakiinuka tena bendera zipandishwe na jeshi lijue mapema. Yani yale mandhari tuliyopigia selfi ndio ilikuwa kazi ya mnara, kuwachungulia watu. Ukishajua hivyo huwezi kusimama pale kwa namna ileile.

Bussa tulimwona kwa dirisha. Sanamu ya Ukombozi ya Karl Broodhagen, ya 1985, mtu amekata minyororo mikono juu, iko katikati ya kipilefti na basi lilizunguka halikusimama.

Nakubali, shingo upande, kwamba mwongoza watalii anaishi kwa kile wageni wanachotaka kulipia, na wageni wengi wameshuka kwenye meli wanataka ramu na pwani. Nakubali pia kwamba wenyewe kama taifa wamefanya makubwa kuliko wengi, Bussa wamemtangaza shujaa wa taifa tangu 1998, sanamu ya Nelson, yule jemadari wa meli za vita za Uingereza, iliyokuwa katikati ya mji tangu 1813 wameing'oa Novemba 2020, mwaka uliofuata wakamwondoa malkia wa Uingereza na kuwa jamhuri, na Desemba 2021 serikali ikatangaza mpango wa kujenga mnara wa kumbukumbu palepale Newton. Kwa hiyo hasira yangu sio kwa Wabarbados. Mjomba alikuwa na uchungu kunizidi.

Na sisi tusikae pembeni kwenye hili. Mkunazini kule Unguja sawa, soko la watumwa lilifungwa 1873, kanisa likajengwa palepale, mgeni anashushwa kwenye vile vyumba na anaonyeshwa zile sanamu zenye minyororo shingoni. Lakini tripu ya viungo je? Mgeni ananusa karafuu, anavikwa kofia ya makuti, kijana anapanda mnazi anaimba, na hasikii popote kwamba mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba karne ya 19 yalilimwa na watumwa waliotolewa bara, Wayao, Wanyasa na wengine, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria 1897. Ni kitu kilekile cha lile jumba, ramu tu imebadilishwa ikawa karafuu.

Nachotaka sio kikubwa. Kabla ya fenicha, wageni wasimame barazani wasomewe majina kumi kutoka kwenye orodha ya 1817 ya shamba hilohilo, na umri wao, inachukua dakika mbili. Gun Hill isemwe ilijengwa kwa nini. Newton iingizwe kwenye ratiba yenyewe, isisubiri kuulizwa na mama mtu mzima wa kiti cha mbele. Na wewe unayepanga kwenda, wapo wengi mlioko Uingereza na Kanada mnaenda, kabla hujalipa piga simu uliza Newton imo au haimo, wakikuambia haimo waambie wazi ndio sababu hununui, halafu tafuta teksi, ni njia ileile ya eapoti, nenda hata siku ya kuondoka ukiwa na mabegi yako.