2,500 ni bei ya langoni tu

Eti mkulima wa Trans Nzoia, hapa Kenya, siku hizi analipa shilingi 2,500 tu kwa mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku, ile ambayo serikali huilipia sehemu ya bei. Bei ni hiyo kweli tangu Agosti 2023, kabla yake ilikuwa 3,500, na sijasahau 2022 dukani mfuko ulipopita 6,000. Lakini hiyo ni bei ya langoni mwa ghala. Mimi nina ekari mbili. Ujumbe wa kuniita nikachukue mbolea ulipoingia kwenye simu nilidamka, nikapanga foleni tangu alfajiri. Saa tisa tukaambiwa ya kupandia imeisha, imebaki ya kukuzia. Ya kukuzia, na mbegu bado iko kwenye pakiti! Nikarudi mara mbili zaidi. Jumlisha nauli, mpakiaji, na bodaboda ya kuniletea mifuko minne nyumbani. Wakati huo mahindi ya jirani aliyenunua dukani yalishachomoza. Mwenye ekari mia hutuma lori mara moja, yakaisha. Wenzangu wa Bungoma na Uasin Gishu, nanyi mnaifuata mbali hivyo, au chama cha ushirika kinawasogezea?