Kucha zetu Lubumbashi: vumbi la nje au madini ya mwilini?

Mtajie mtu wa maabara habari ya kupima madini kwenye kucha ili kujua yaliyoingia mwilini, jibu lake la kwanza litakuwa vumbi. Ana haki. Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilianza kutoa moshi Lubumbashi, mji wetu wa Katanga nchini Kongo, mwaka 1911, na mguu unaoshinda ndani ya ndala huko mtaa wa Penga Penga unaweza kujaza ukucha madini ambayo hayajapita tumboni wala mapafuni. Vipande huoshwa kwa asetoni na maji kabla ya kuyeyushwa kwa asidi, lakini chembe nyingine hung'ang'ania nyufani. Ukiosha kidogo umepima vumbi la barabarani. Ukizidisha, unatoa hata kilicholetwa na damu. Tena kuna rangi ya kupaka kucha, inayoweza kuleta madini yake, na kobalti, madini yanayochimbwa huku pamoja na shaba, ikipimwa kwenye kucha haina kiwango kilichokubaliwa cha kulinganishia.

Kwa mkojo kiwango kipo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ambao Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilishiriki, uliwapima watu wa Katanga waishio chini ya kilomita 3 kutoka migodi na viwanda. Asilimia 53 walivuka mikrogramu 15 za kobalti kwa gramu ya kreatinini, kitu cha kawaida cha mkojo kinachotumiwa kusawazisha vipimo. Kwa watoto wa chini ya miaka 14 ilikuwa asilimia 87. Kikomo hicho kiliwekwa kwa ajili ya mfanyakazi mtu mzima anayemaliza wiki yake ya kazi, si kwa mtoto anayecheza uani. Nikiirudia hiyo 87 huwa najiuliza: tangu lini? Mkojo haujibu, kwa kuwa sehemu kubwa ya kobalti hutoka mwilini ndani ya siku chache. Mgodi ukifungwa wiki moja, au mvua ikilaza vumbi, mtoto yuleyule ataonekana msafi.

Ukucha wa mkono hukua karibu milimita 3 kwa mwezi, wa mguu nusu yake. Kwa hiyo kipande kinachokatwa leo kwenye kidole gumba cha mguu kilianza kutengenezwa miezi mingi iliyopita. Sasa fikiria wajawazito. Utafiti wa Lubumbashi wa mwaka 2020 ulikuta watoto wenye kasoro za kuzaliwa walikuwa zaidi katika familia ambazo baba hufanya kazi za madini. Viungo vya mtoto huumbika wiki za mwanzo. Mkojo wa mama siku ya kujifungua unasimulia wiki ya kujifungua tu. Kucha za miguu yake zinafika karibu zaidi na wakati ule.

Wanaouza mtandaoni kipimo cha kucha ili wakuambie umepungukiwa chuma, achana nao, nenda kapimwe damu. Lakini Marekani, miaka ya 1980, wauguzi zaidi ya 60,000 walitoa vipande vya kucha za miguu, na kwa kupima seleni, madini ambayo mwili unayahitaji kidogo, vimetumika kwa manufaa. Penye watu wengi, kosa la mmoja halipotoshi picha yote.

Basi vumbi la nyumba lipimwe pamoja na kucha, na vijiji vya mbali na migodi viingizwe. Bahasha ya karatasi haihitaji friji wala haisubiri umeme wa shirika la SNEL. Kigumu ni kuomba: kwetu mtu hampi mgeni kucha zake, uchawi unaogopwa. Wazikusanye watu wa kituo cha afya cha mtaani, wanaofahamika kwa majina, na kila mama arudishiwe majibu yake.