PES 6 na seva za mashabiki

Pro Evolution Soccer 6, gemu ya mpira ambayo Konami iliitoa mwaka 2006, bado inachezwa mtandaoni ingawa kampuni hiyo ilishazima seva zake rasmi zamani. Mchezaji wa kompyuta huhariri faili la Windows liitwalo hosts, linaloiambia kompyuta jina fulani la mtandaoni liko kwenye anwani ipi, na gemu, ikidhani inaita Konami, huishia kwenye seva ya mashabiki.

Kabla ya kuita jambo hili wizi, inafaa kujua seva hiyo inafanya nini. Mechi yenyewe haipiti hapo, kwa kuwa kompyuta za wachezaji wawili hutumiana data moja kwa moja. Seva ni kama mwenye kibanda cha gemu mtaani: hupanga nani acheze na nani, huandika matokeo, lakini pedi hashiki. Tena programu yake imeandikwa upya na mashabiki waliochunguza jinsi gemu inavyowasiliana na seva. Haikunakiliwa kutoka Konami.

Hata hivyo, kujiandikia programu si kinga. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliamua dhidi ya waandishi wa bnetd, seva iliyotengenezwa na wapenzi wa gemu za kampuni ya Blizzard ili itumike badala ya Battle.net, huduma rasmi ya kampuni hiyo ya kuchezea mtandaoni. Pamoja na kuvunja masharti ya leseni waliyoyakubali, kiliwaponza kwamba seva yao haikuhakiki namba inayoonyesha kuwa diski ni halali, hivyo nakala bandia ziliingia sawasawa na halali. Battle.net, ni kweli, ilikuwa hai na ilikuwa na cha kupoteza, ilhali seva za PES 6 zilishafungwa na Konami yenyewe. Tofauti hiyo naiona kubwa, ila haifuti suala la nakala bandia, na sisi Afrika Mashariki, ambao wengi wetu tuliijua PES kwa diski za kuchoma, hatuna ubavu wa kulipuuza.

Hoja ya mashabiki inapokuwa dhaifu zaidi ni kwenye jezi na majina halisi wanayoyaongeza kwenye gemu. Katika diski ya asili Liverpool inaitwa Merseyside Red, kwa sababu Konami haikuwa na leseni ya klabu hiyo. Leseni za namna hii hulipiwa kwa muda maalumu, ndiyo maana gemu za mpira huondolewa sokoni zikizeeka. Anayepachika majina, nembo na jezi za msimu huu anajitwalia kile ambacho kampuni yenyewe ingelazimika kukilipia, na hapo simtetei.

Konami ingeweza kupunguza ubishi huu kwa kiraka kidogo, yaani sasisho la programu, kinachomruhusu mchezaji aandike mwenyewe anwani ya seva anayoitaka. Sioni ingepoteza nini kwa gemu ambayo haiuzi tena. Hata hivyo, seva ingebaki mikononi mwa mtu asiyejulikana, anayeweza kuizima siku akichoka, na anayejisajili kwake kwa nywila ileile ya barua pepe yake asije kuilaumu Konami.