Gari la Drammen, maswali ya Tanga

Shemeji yangu aliponiona kwenye picha ya WhatsApp nimeegemea gari jipya, hakuuliza bei. Aliandika: "Hiyo ikikorofisha, spea zake zipo Gerezani?" Gerezani ni pale Dar penye maduka ya spea. Nilicheka peke yangu kwenye treni mpaka watu wakageuka, na huku watu hawapendi kugeuka. Halafu nikakumbuka kwamba miezi minne nzima ya kuchagua lile gari sikuwahi kujiuliza swali hilo hata mara moja.

Huu ni mwaka wangu wa tisa Drammen, Norway. Ni mji wa bandari, na magari mengi yanayoingia nchi hii yanashushiwa hapa. Yadi zake zinanikumbusha Dar, yale magari ya Japani yaliyopangwa yakisubiri kulipiwa ushuru, ila haya ni mapya na mengi hayana tangi la mafuta. Mwaka 2024, karibu magari mapya 9 kati ya 10 yaliyouzwa Norway yalikuwa ya umeme. Kwa hiyo nikisema nilikuwa nasitasita kati ya Tesla Model Y na Hyundai Ioniq 5, msinihesabu kwenye matajiri. Huku hayo ni magari ya walimu na wauguzi. Nilinunua mapema 2025, wakati gari la umeme lilikuwa halitozwi VAT ya asilimia 25 kwenye kroner (pesa za huku) 500,000 za kwanza za bei yake. Serikali ilikwishanibebea sehemu ya mzigo kabla sijaingia dukani.

Nianze na Tesla, maana ndilo lililonivuta kwanza. Buti lake linameza kigari cha mtoto, mabegi ya shule na magunia mawili ya unga, na ukifungua boneti unakuta buti jingine. Jirani zangu watatu wanalo. Lakini kila kitu kimetiwa kwenye skrini moja katikati. Mbele ya dereva hakuna mshale wala saa ya mwendo, na ukitaka kurudi rivasi unatelezesha kidole kwenye kioo. Mama watoto aliliendesha dakika kumi, akaniambia, "Hili ni simu yenye matairi." Mimi naingia zamu saa kumi na mbili asubuhi, baridi nyuzi kumi na tano chini ya sifuri, nimevaa glavu. Nataka kitufe cha kubonyeza.

Ioniq 5 lina vitufe. Kati ya tairi la mbele na la nyuma ni mita 3, kwa hiyo mama yangu akija kututembelea ananyoosha miguu yake yenye baridi yabisi bila kulalamika, ingawa buti ni lita 520 tu na mabegi yake ya zawadi hayatatosha. Linachaji haraka kwa sababu mfumo wake ni wa volti 800: kiwanda kinasema asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18 kwenye chaja yenye nguvu ya kutosha. Hiyo ni hesabu ya hali ya hewa nzuri. Januari betri nayo inapata baridi kama sisi, na chama cha wenye magari cha huku, NAF, kila mwaka huyapeleka magari barabarani wakati wa baridi na kuonyesha yanavyopungukiwa na kilomita zilizoahidiwa. Sikuwa kipofu kwa kasoro nyingine pia. Mwaka 2024 Hyundai iliyaita magari mengi yarudi kurekebishwa kwa sababu ya kifaa kinachochaji betri ndogo, ambacho kikifa gari linaweza kuishiwa nguvu njiani.

Nikalichukua hivyo hivyo. Kwa sababu ya soketi.

Gari hili linatoa umeme. Unachomeka kitu cha kawaida, hadi kilowati 3.6. Muuzaji alilipita jambo hilo juu juu, akasema linafaa kwa watu wa kupiga kambi. Nikamrudisha. Linaweza kuendesha friji? Na friza? Kwa saa ngapi? Aliniuliza kwa upole kama huwa ninakwenda sana porini. Ningemwelezaje kijana yule kwamba nilisomea mtihani wa kidato cha nne kwa kibatari, na kwamba nyumbani kwetu neno "umekatika" halihitaji kutajiwa kilichokatika? Mtu aliyelelewa na mgao akiona betri kubwa namna hii, anaona jenereta isiyonuka.

Novemba iliyopita ulivuma upepo, mti ukaangukia waya, mtaa mzima giza. Jirani zangu walitoka nje wakawa wanatazamana. Mimi nikaburuta ekstensheni kutoka kwenye gari hadi jikoni, nikachomeka friji, taa na jiko dogo la sahani moja, chapati zikaendelea. Bibi wa nyumba ya pili akaja kuchemshiwa maji ya chai. Umeme ulirudi baada ya saa mbili, lakini kwa saa mbili hizo, mara ya kwanza tangu nihamie, mgeni hakuwa mimi.

Sasa, nyumbani wananiambia nilisafirishe likafanye kazi Tanga. Jamani. Kwanza usukani upo kushoto. Pili, watu wanadhani tatizo ni umbali, na hapo wanakosea: Tanga hadi Dar ni kama kilomita 350, betri ya kilowati-saa 84 inafika bila kusimama, na Segera utashuka kula kwa hiari yako. Taabu iko nyumbani kwenyewe. Soketi ya ukutani inatoa kama kilowati mbili, kwa hiyo kuijaza kutoka sifuri ni saa zaidi ya arobaini, siku mbili kasoro kidogo, tukiomba Mungu umeme usikatike katikati na umeme wa kulipia kabla, LUKU, usiishe usiku. Mita ikianza kukimbia, mama atachomoa waya, na atakuwa na haki.

Kuhusu mafundi sina wasiwasi kama shemeji. Waliojifunza Prius, lile gari la Toyota la petroli na umeme, bila kitabu watajifunza na hili, wakipata vipuri.

Linaloniudhi ni pale Wanorway wanapoyaongelea magari haya kama wema wa moyo wao. Hawa wanachimba mafuta na gesi baharini, wanawauzia wengine, na wao wanatembelea umeme wa maporomoko ya maji. Ni mvuvi anayeuza samaki na nyumbani anapika kunde. Siwalaumu, wamepiga hesabu vizuri. Lakini na sisi maji tunayo: bwawa la Rufiji peke yake limejengwa kwa megawati 2,115. Ethiopia mwaka 2024 ilizuia kabisa kuingiza magari ya petroli na dizeli, kwa kuwa mafuta yanakula dola zao na umeme wa mabwawa wanao. Kwetu kinachopungua ni nguzo imara na transfoma ya mtaa, vitu ambavyo hakuna kiongozi anayevikatia utepe.

Na gari lenyewe la kwetu nadhani halitakuwa hili. Litakuwa la matairi matatu au mawili, linaloshinda barabarani na kulala kwenye soketi ileile ya ukutani, kwa sababu betri yake ni ndogo na usiku mmoja unatosha. Nimemwambia mdogo wangu anayeendesha bajaji pale stendi aache kunipigia hesabu za Toyota Harrier, aulizie bajaji ya umeme inauzwaje, na betri peke yake inauzwaje ikichoka. Bei ya bajaji amenitumia. Ya betri anasema muuzaji amemwambia arudi Jumatatu.