Programu ya waraibu iache kuhesabu siku

Mwambie kijana anayeandika programu hapa Arusha akutengenezee ya kumsaidia mtu anayeacha heroini. Kitu cha kwanza atakachochora ni namba kubwa katikati ya kioo: siku 41 bila kutumia. Cha pili ni ramani, ili familia au msimamizi wa soba hausi (nyumba wanakokaa wanaoacha dawa) ajue kama mhusika amepita kijiwe cha dawa. Waelimishaji rika na wauguzi wanaopinga vitu hivi viwili huonekana ni waoga wa teknolojia, na hapo hawatendewi haki.

Hoja ya wanaotaka ramani inaeleweka. Arosto, yaani mateso ya mwili unaokosa dawa, ikikolea, mtu anauza mtungi wa gesi wa mama yake, na mama huyo ana haki ya kujua mwanawe yuko wapi saa 4 usiku. Wala teknolojia si pambo katika tiba hii. Marekani, jaribio la watu 170 waliotumia buprenofini, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, kwa wiki 12 lilionyesha kuwa walioongezewa masomo ya kwenye kompyuta walibaki kwenye matibabu kwa asilimia 82, wenzao kwa asilimia 68. Matokeo hayo yaliisaidia programu ya reSET-O kuidhinishwa mwaka 2018. (Kampuni yake ilifilisika 2023, jambo la kukumbuka kabla ya kuziweka taarifa za wagonjwa wote kwenye seva ya mfadhili mmoja.)

Kilichoongezeka pale ni kubaki kwenye matibabu, na kaunta ya siku inaharibu hapo hapo. Mtu wa siku 41 anakutana na rafiki wa zamani Ngarenaro, anavuta. Asubuhi programu inamuuliza kama ametumia. Akisema kweli, 41 inakuwa 0. Akidanganya, kila namba atakayoiona kuanzia hapo ni ya uongo na yeye anajua. Wengi watachukua njia ya tatu: kuifuta programu, pamoja na namba ya mwelimishaji rika na kila kilichomo. Mawasiliano yanakatika siku ambayo yuko hatarini kuliko zote.

Maana mwili uliokaa wiki sita bila heroini haubebi tena kiasi kile kile. Kete ambazo zamani zilimtoa arosto tu, sasa zinaweza kumzimisha pumzi. Ndiyo sababu vifo vya kuzidisha dawa ni vingi mno wiki mbili za kwanza baada ya mtu kutoka gerezani, na anayetoka soba hausi bila methadoni, dawa ambayo kliniki humpa mraibu badala ya heroini, anaingia kwenye hatari ile ile. Kaunta inamsifu kwa siku 41 bila kumwambia kwamba siku hizo hizo ndizo zilizomwondolea uwezo wa kubeba kiasi cha zamani. Kasoro hii haiondoki kwa rangi nzuri wala kwa ujumbe wa kumtia moyo.

Jibu la "ndiyo, nimetumia" lifungue kurasa mbili fupi. Ya kwanza: kama utatumia tena, usiwe peke yako, punguza sana kiasi, usichanganye na pombe wala valiamu. Ya pili ni ya aliye karibu naye: midomo imebadilika rangi, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, anakoroma, pumzi zinakuja moja moja. Mpulizie pumzi, mpeleke hospitali haraka. Akishapumua vizuri mwenyewe mlaze kwa ubavu. Akipewa naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha, asiachwe, kwa kuwa nguvu yake hudumu kati ya dakika 30 na 90 tu, na methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Wazazi watasema tunafundisha watu kutumia. Anayefika kwenye kurasa hizo ameshatumia.

Kwa walio kwenye methadoni, namba ya kuhesabu ipo, ila ni ya kliniki: siku mfululizo alizokosa dozi. Kwa kawaida dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na mtu wa Usa River, kilomita zaidi ya 20 kutoka mjini, anaweza kukosa kwa nauli au kibarua tu. Zikifika siku tatu, lazima apimwe upya kabla ya kunywa. Kumpa dozi yake ya zamani, tuseme miligramu 90, kana kwamba hakukosa ni hatari. Kwa hiyo mfumo umshtue muuguzi siku ya pili. Uulize pia kama ameanza dawa za kifua kikuu, maana rifampisini hushusha methadoni mwilini, na baada ya siku kadhaa arosto inarudi kwa mtu ambaye hajakosa hata dozi moja.

Na ramani? Marekani, A-CHESS, programu ya watu walioacha pombe, ilitumia mahali alipo mtu hivi: akikaribia sehemu ya hatari kwake, ilimuuliza yeye mwenyewe kama kweli anataka kuwa pale. Hiyo naikubali. Lakini kumbukumbu ya nani alikuwa kijiwe gani, ikikaa kwenye seva, inaweza kusomwa na yeyote mwenye nguvu ya kuidai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Hata ujumbe mmoja kwenye kioo kilichofungwa, "umekosa dozi yako," unatosha kumuumbua mtu kwenye daladala. Andika tu: "Karibu kesho saa 2."

Halafu wengi wana kitochi, na simu ndicho kitu cha kwanza kuuzwa. Akaunti ifungwe kwenye namba ya kadi ya kliniki, si kwenye laini wala simu, ili akirudi na laini nyingine akute kila kitu chake. Asiye na salio abipu namba moja, naye apigiwe ndani ya dakika tano na mtu anayemjua kwa jina. Zamu ya kupiga simu hizo ilipwe, hata usiku, na fedha zake zitengwe kabla ya zile za kuchora kioo.